Shemeji, Hukuficha Maumivu

Mpendwa shemeji Elia,

Ningekuuliza hali kama tulivyozoea, lakini hali yako naijua. Umelala Haneti kwenye udongo wa kwenu, na mkono wako wa kushoto ulikutangulia kwa siku tatu. Basi nikupe hali ya huku. Dada yako Damari ni mzima. Watoto wanasoma. Mimi nakula, natembea, nashika spana. Barua hii sikuifunga. Nimeiacha wazi ili waisome ndugu zako na mafundi wote wa mitambo wanaotufahamu, kwa sababu siku tuliyokuzika nilisema uongo juu yako mbele ya watu, na juma lililopita niliuona uongo huo ukikaribia kumwangamiza mtu mwingine.

Nitafika huko. Sina haraka ya kufika, na nadhani unajua kwa nini.

Wapo watakaosoma ambao hawakukuona kwa macho, kwa hiyo niwaambie kwanza. Ulikuwa kaka mkubwa wa mke wangu, na fundi wa mitambo mizito: vijiko vya kuchimbia, magreda, matipa. Nilipomwoa Damari nilikuwa nauza vipuri vya baiskeli sokoni. Siku ya kutambulishwa ulinishika mikono yote miwili ukaigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya, ukasema, "Shemeji, kwa mikono hii laini utamlisha nini dada yangu?" Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa kuwa shemeji ana ruhusa ya kukusema lolote na wewe una ruhusa ya kumrudishia. Juma lililofuata ulinipa ovaroli kuukuu lenye jina la mtu nisiyemjua kifuani, na tangu hapo nikawa mtu wa karakana yako kule njia ya Msalato. Kwa miaka kumi na miwili hatukumaliza sentensi tatu bila mmoja kumtania mwenzake.

Ulikuwa unafika asubuhi, unaisalimu karakana nzima kwa Kigogo, "Mbukwenyi," hata mitambo, kisha unazunguka kila mashine ukiwa umeshika bisibisi ndefu. Ncha unaigusisha kwenye injini inayonguruma, kitako unakiweka sikioni, unafumba macho. "Huyu beringi yake ya pampu inaomba kustaafu," unasema, na tukiifungua tunaikuta imechakaa kweli. Nilijaribu mwaka mzima nikawa nasikia kelele tu. Ulinicheka mpaka siku niliyosikia mwenyewe mlio ule, kama mtu anayesaga mchanga kwa meno, na siku hiyo hukunicheka. Ulinunua chai ya watu wote.

Nakumbuka tipa iliyotoboka tangi la dizeli kwa jiwe, dizeli inachuruzika barabarani na dereva ameshika kichwa. Uliomba kipande cha sabuni ya mche. Dereva akadhani unataka kunawa. Ukaisugua sabuni kwenye ufa palepale dizeli ikitoka, ukaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika, ukamwambia aende zake taratibu hadi mjini akachomelee. Baadaye ulinieleza kwamba dizeli haiyeyushi sabuni. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta gundi, tena kwa fujo.

Na ule ugali je? Ilikuwa beringi ndogo iliyozama katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, haina pa kuishikia, na kifaa cha kuing'olea hatukuwa nacho. Nilikuwa nakula. Damari alikuwa amenifungia ugali wa uwele na mlenda. Ulinipokonya ugali mkononi bila hata samahani, ukaushindilia kwenye tundu la beringi mpaka ukajaa, ukachomeka kipande cha chuma kilichoenea tundu lile, ukakigonga kwa nyundo. Ugali ulipokosa pa kwenda ukaisukuma beringi kutokea nyuma, ikatoka kidogokidogo mpaka ikaanguka mguuni kwako. "Mwambie dada yangu anapika vizuri," ulisema. Nilishinda njaa siku hiyo, na jioni nilipomsimulia Damari alicheka mpaka akakaa chini.

Zile bushi, pete nene za chuma tulizoziweka kwenye friji ya mama wa barafu kule Chimwaga sitazisahau pia. Ulimbembeleza mama yule, ukavipanga vyuma vyako katikati ya barafu za ukwaju, na wanafunzi waliokuja kununua wakawa wanauliza hizo ni za ladha gani. Ziliposinyaa kwa baridi tuliziingiza kwenye matundu yake kwa kugonga kidogo tu, wakati mafundi wengine wangezipiga nyundo nusu siku na kuzipasua. Nazitaja mbinu hizi kwa sababu zilikuwa za kweli na zilisaidia watu. Ulikuwa fundi mzuri, shemeji. Nataka wajue hivyo kabla hawajasikia habari ya mbinu ile nyingine.

Mbinu ile nyingine ilikuwa ya kiganja. Mpira wa haidroliki, ule unaopitisha oili ya kusukuma mkono wa mashine, ukivuja kwa tundu dogo, vumbi letu la Dodoma linaganda na oili na kufunika mpira wote, hujui tundu liko wapi. Wewe ulimwambia opereta aiache injini ikinguruma na kubana presha, kisha ukapitisha kiganja polepole kando ya mpira, ukihisi unyevu. Ulilipata tundu kila mara. Ulinifundisha nami nikawafundisha wengine, na tulijiona tuna kipaji. Hakuna aliyetuambia kwamba oili inayotoka kwenye tundu dogo namna ile inapasua ngozi na kuingia mwilini. Au pengine tuliambiwa tukaona ni maneno ya watu wa ofisini.

Siku yenyewe unaijua kuliko mimi. Kijiko kilikuwa Msalato, kwenye kiwanja walichokuwa wanasawazisha, na mkono wake ulikuwa unashuka wenyewe kila opereta akiunyanyua. Ilikuwa kazi ya kwanza niliyoichukua kwa jina langu, si kwa jina lako. Wewe ulikuja kunisaidia. Nilikuwa nimemwahidi fomeni kwamba saa nane mashine itakuwa inachimba, na nilimwahidi kwa kifua.

Saa tatu asubuhi ulipitisha kiganja. Ukasema, "Hii hapa," ukautoa mkono, ukaukung'uta. Nilikuuliza vipi. Ukasema umechomwa kama na mwiba wa mgunga. Nikatazama kidole chako cha shahada nikaona nukta moja, haina hata damu. Opereta akazima injini. Ukaendelea kukitazama kile kidole kwa muda mrefu kuliko desturi yako, ukasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, huu mkono haupo sawa. Nipeleke hospitali wakauone."

Pikipiki ilikuwa yangu na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikakujibu, "Nitamwambia Damari kaka yake amelia kwa sababu ya mwiba."

Opereta alicheka. Ukacheka na wewe, maana ungefanya nini? Ule ndio ulikuwa utaratibu wetu, mimi nakupiga na wewe unanirudishia. Mtu mwingine ungemwambia akuheshimu. Fomeni ungemwomba gari. Lakini kwa kuwa aliyekutania ni mimi, na kwa kuwa siku zote utani wetu ulimalizika kwa aliyetaniwa kukubali, ulikubali. Ukachukua spana.

Tulikuwa na mpira wa akiba. Kilichotukwamisha ni nati ya juu iliyoganda, na nati ya namna ile inataka watu wawili, mmoja anashika spana ya chini isizunguke na mwingine anavuta ya juu. Wewe ulishika ya chini. Ulianza na mkono wa kushoto kama ulivyozoea, baadaye ukahamia wa kulia, na wa kushoto ukautia kifuani ndani ya ovaroli kama mtu anayesikia baridi. Jua lilikuwa kali na wewe unatetemeka. Niliona. Nataka iandikwe hapa kwamba niliona.

Saa sita uliomba tena. Safari hii hukunitazama. Ulisema, "Nipeleke," basi, neno hilo moja. Nikasema, "Tumalize hii nati kwanza, shemeji, kisha twende." Sikutania mara ya pili, kwa hiyo siwezi kusingizia utani. Nilikuwa natazama saa na kumfikiria fomeni.

Nati ilitoka saa tisa. Tulifunga mpira mpya, kijiko kikanyanyua mkono, kikachimba, na fomeni akanipa mkono wa hongera. Wewe ulikuwa umekaa kivulini mwa tairi la tipa. Nilipokuinua niliona vidole vimevimba na vimekuwa vyeupe, na nilipovigusa vilikuwa vya baridi. Tulifika hospitali saa kumi na moja.

Daktari aliuliza, "Hii imetokea saa ngapi?" Nikawahi kujibu kabla yako. Nikasema, "Asubuhi, daktari, lakini hakutuambia. Alijikaza kiume, tumekuja kugundua sasa hivi." Uligeuka ukanitazama. Nimejaribu kuyasahau macho yale nikashindwa. Hayakuwa na hasira. Ulikuwa unanitazama kama unavyotazama mashine ambayo mtu ameifunga vibaya, ukijua itabidi uifungue upya wewe. Kisha ukamwambia daktari, "Ndiyo, nilinyamaza."

Daktari alitueleza kwamba oili ile iliingia kwa nguvu ya sindano, ikatambaa kidoleni hadi kwenye kiganja na kupanda, na nyama ilikuwa inakufa kutokea ndani huku juu pakiwa na nukta tu. Alisema saa za mwanzo ndizo zinazookoa mkono. Walikupasua usiku ule. Siku ya tatu wakaukata mkono juu ya kiwiko. Ndugu zako waliuchukua wakaupeleka Haneti wakauzika. Siku ya sita sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, ukatutoka.

Katika siku zile sita Damari alikaa kando ya kitanda chako. Siku moja, mimi nikiwa mlangoni na chupa ya uji, nilimsikia akikuuliza, "Kaka, kwa nini ulijificha na maumivu makubwa hivi?" Ukamjibu, "Ujinga wetu mafundi, mdogo wangu." Ulikuwa umebakiwa na pumzi chache, na mojawapo uliitumia kunifichia mimi. Nikaingia nikamimina uji kwenye kikombe, nikakushukuru kwa macho kama mwizi anavyomshukuru aliyemfungulia dirisha. Nilijidharau siku ile na nimejidharau kila siku tangu hapo.

Msibani wazee wa ukoo waliniomba niandike wasifu wako kwa kuwa nilikuwa nawe siku ya ajali. Niliandika kwamba marehemu alikuwa mvumilivu kupita kiasi, kwamba alichomwa na oili akaendelea na kazi bila kumwambia mtu, kwamba hadi mwisho alikuwa mwanaume. Niliusoma mbele ya kaburi kwa sauti iliyonyooka. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mchungaji akairudia sehemu ile ya uvumilivu kwenye mahubiri yake. Wakati wa kurudi mjini, nyuma ya gari, mafundi walikuwa wanasimuliana jinsi Elia alivyofunga mpira wa haidroliki kwa mkono uliokufa, na kila aliyesimulia aliongeza chake.

Nilidhani nimekupa sifa. Nilijiambia kwamba sifa haimdhuru aliyekufa, na Damari anabaki na kaka shujaa na mume asiye na lawama. Nililala na hesabu hiyo miezi mingi.

Juma lililopita nilikwenda karakana ya jirani kuazima jeki. Kulikuwa na greda inavuja, na fundi wao mmoja, mtu mzima ambaye nyumbani ana wajukuu, alikuwa anapitisha kiganja kwenye mpira huku injini inanguruma. Kabla sijafungua mdomo nilimwona akiukung'uta mkono. Mwenzake akamwambia apumzike. Yule fundi akasema, "Elia alichomwa akafunga mpira mpaka mwisho. Mimi ni nani niache kazi?" Wenzake wakaitikia kama watu wanaoitikia sala.

Sikumbuki vizuri nilifanya nini. Wanasema nilimkamata ukosi, nikampakia kwenye pikipiki kwa nguvu, na njia nzima alikuwa ananitukana. Tulipofika nilimwambia daktari mwenyewe: oili ya presha imeingia kidoleni, haijapita saa moja tangu achomwe. Hawakupoteza muda. Walimpasua siku ileile, wakamsafisha. Kidole chake hakitakunja tena vizuri, lakini mkono anao na uhai anao. Daktari aliyetoka kutuambia alisema, "Mmewahi," akaenda kunawa. Nilitoka nje nikakaa karibu na bomba la maji nikalia mbele za watu, shemeji, kwa sababu kile alichokifanya yule fundi kwa kulazimishwa ndicho ulichokiomba wewe mara mbili.

Nilirudi nyumbani mchana. Damari alikuwa uani anapepeta uwele. Nilimwambia yote bila kukaa. Hakuacha kupepeta. Akauliza, "Alikuomba saa ngapi mara ya kwanza?" Nikasema saa tatu. "Na mara ya pili?" Nikasema saa sita. Akahesabu kwa vidole juu ya ungo mpaka saa kumi na moja. Halafu akasema, "Kaka yangu hakuwahi kuomba kupelekwa hospitali maisha yake yote. Alipovunjika mguu machungani, mama ndiye aliyemburuta. Kama alikuomba wewe, alikuwa ameshajua." Akaendelea kupepeta, makapi yanamrukia usoni na hajifuti.

Kesho yake asubuhi aliniwekea chai mezani akasema, "Fundi, chai yako." Tangu mtoto wetu Neema azaliwe, mama yake ameniita Baba Neema, akiwa na furaha na akiwa na hasira. Sasa ananipikia, ananifulia, ananiita fundi. Sijamwomba abadilishe.

Kwa mafundi mnaosoma barua hii, sikilizeni kwa makini, kwa kuwa mbinu za Elia nyingi ni za kutunzwa na hii moja ni ya kuzikwa naye. Msitafute tundu kwa mkono. Zima injini, shusha mzigo chini, toa presha, kisha futa mpira ukague. Kama hakuna budi kuutazama ukiwa na presha, kaa mbali na upitishe kipande cha boksi kilichofungwa kwenye fimbo ndefu. Boksi likilowa hujaumia. Na ukiona nukta kwenye ngozi, hata isiyouma, acha spana palepale uende, na ukifika useme wazi kwamba ni oili ya presha, usiseme mwiba. Mwenzako akikuambia "nipeleke," mpeleke. Nati itakungoja.

Shemeji, sikuombi msamaha hapa. Huwezi kunijibu, na nikikuomba nitaishia kujijibia mwenyewe, nami nimeshakusemea vya kutosha. Ndugu zako watasimika msalaba wako baada ya mavuno, na wameniletea ujumbe kwamba nisome tena wasifu ule, maana wengi hawakuwahi kuusikia. Nimekubali. Damari atakuwa amekaa mbele kabisa. Nimeufuta ule wa zamani pale penye uvumilivu na kuandika upya, na nakuonyesha wewe kabla sijawasomea wao, kama nilivyokuwa nakuonyesha kila kazi kabla mwenye mashine hajaichukua:

"Marehemu alichomwa saa tatu asubuhi. Alisema. Aliomba kupelekwa hospitali mara mbili, na aliyekuwa na uwezo wa kumpeleka alikataa mara zote mbili."

Chini yake nimeandika aliyekataa ni nani. Sikujiita shemeji pale, kwa sababu hilo ni jina la mtu anayeruhusiwa kutania.

Lala, Elia.

Ni mimi,
mume wa dada yako.